Uso wa Shujaa Ukutani

Doña Eulalia Montelongo alianza kumshuku Anselmo siku ile ile kijana huyo alipokataa tamali zake.

Hebu fikiria mwenyewe, kukataa tamali za Doña Eulalia, ule unga wa mahindi uliojazwa nyama ya nguruwe na kufungwa kwenye ganda la hindi! Katika mtaa ule wa Wachikano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, mashariki ya Los Angeles, hata padre, ambaye daktari alishamkanya mafuta, alikuwa anakula, kisha anasema Mungu ni mwingi wa rehema. Wachoraji wa ukutani walizila wamekaa juu ya jukwaa lao, miguu inaning'inia, rangi mpaka kwenye kope. Ndiyo ilikuwa ada: wachoraji hawalipwi, basi mtaa unawalisha. Sasa huyu mgeni, mrefu, mwembamba, viatu vinang'aa utadhani anakwenda harusini, anasema tu, "Asante mama, tumbo langu halipatani na nguruwe," anageuka zake, anaendelea kuosha brashi.

"Halipatani!" Doña Eulalia alimwambia shoga yake Hermelinda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Mchikano gani huyo tumbo lake halipatani na nguruwe?"

"Labda Mprotestanti."

"Waprotestanti wanakula nguruwe, Hermelinda. Nawe!"

"Basi labda mgonjwa kweli. Si unaona alivyokonda? Na amekuja na Nicanor, Nicanor anamwamini."

"Nicanor atamwamini hata shetani, mradi shetani ajue kuchanganya rangi."

Usimcheke mama wa watu. Mwaka ule wa sabini na mbili, asiyeshuku alikuwa mjinga. Vita ya Vietnam ilikuwa inakula vijana wa mtaa, na watu waliandamana kuipinga. Baada ya maandamano ikabainika kwamba baadhi ya waliopiga kelele kuliko wote, waliobeba mabango makubwa kuliko wote, walikuwa masikio ya polisi. Walikula mezani kwa watu na kuwa baba wa ubatizo wa watoto wao. Tangu hapo ile ya kikulacho ki nguoni mwako watu waliisema kama wanavyosema amina.

Tena Doña Eulalia alikuwa na lake zito. Mwanawe wa pekee, Leobardo, aliitwa vitani akakataa kwenda. Binamu yake alikuwa amerudishwa kwenye sanduku, na Leobardo alimwambia mama yake mbele ya lile sanduku, "Mimi siendi, mama. Wanifunge, siendi." Mtaani Doña Eulalia alitangaza kwamba kijana amekwenda Meksiko, kwa mjomba wake Zacatecas, kulisha ng'ombe. Kumbe Leobardo hakutoka hata nje ya jiji. Alikuwa Pacoima, upande wa pili kabisa, katika duka la mikate la baba yake wa ubatizo, Don Fidencio, akikanda unga na kuitwa Chencho. Waliojua ni watatu tu: mama, Don Fidencio na kijana mwenyewe. Hata Hermelinda hakujua, na Hermelinda alijua mpaka rangi ya soksi za padre.

Watu wa serikali walikwisha fika nyumbani kwa Doña Eulalia, wakafika mpaka Pacoima, wameshika picha ya Leobardo ya shule, ndogo na iliyofifia. Mtoto wa masikio makubwa, kidevu laini. Pale Pacoima walimtazama Chencho usoni, Chencho mwenye masharubu na mabega ya kukanda unga, wakanunua mikate mitamu, wakaondoka. Doña Eulalia alipoambiwa alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Mwaka mzima alikuwa hajamwona mwanawe, maana aliogopa kufuatwa. Don Fidencio alimhurumia, akampiga Chencho picha moja na kumpelekea mama mtu ndani ya mkate. Picha hiyo ndiyo ilikuwa mtoto wake. Alilala nayo chini ya mto.

Sasa huo ukuta. Ulikuwa ukuta wa kando wa duka la dobi, mrefu, mtupu isipokuwa chini, ambako vijana wa mtaa walikuwa wameandika majina yao kwa rangi ya kopo, herufi za pembe pembe. Nicanor Urrutia, mkuu wa wachoraji, alikataza yasifutwe. Alisema hao ndio waliotangulia kuuchora, na mchoro utakaa juu ya majina yao kama nyumba juu ya msingi. Nicanor huyu alikwenda Meksiko ujanani akawakorogea chokaa mabingwa wa kule, wale waliojaza kuta za majumba makubwa mapinduzi na wakulima. Alirudi na kikohozi kisichokwisha na sheria moja. Sheria yenyewe ni kwamba ukutani hakuna uso wa kubuni.

"Ukibuni uso," alikuwa akisema, "mkono unakuchorea uso wa sinema. Uso wa sinema una mabango yake kila barabara. Hapa kila uso uwe na mwenyewe, mtu anayedaiwa kodi hapa hapa."

Mtaa ulikutana katika banda la gari la Hermelinda kuamua kichorwe nini, maana ukuta wa watu hauchorwi kwa kichwa cha mtu mmoja. Looh, siku hiyo! Nicanor alitaka wafanyakazi wenye ngumi kubwa kama zile za kwenye kuta za mabingwa wake. Mafundi wanaopaka magari walitaka rangi za kuwaka, zambarau na dhahabu, kama walivyopaka magari yao yale yaliyoshushwa mpaka yanakaribia kugusa lami. Akina mama walimtaka Bikira Maria wa Guadalupe, na hawakuwa na la kujadili. Hermelinda akasimama na kalenda ya bucha, ile yenye shujaa wa Waazteki, wale mababu wa kale wa Meksiko, manyoya kichwani, amembeba binti wa mfalme mikononi.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye tunayemtaka."

Nicanor alishika kichwa. "Kalenda ya bucha! Nimekwenda Meksiko yote, nimekula vumbi la chokaa, mnaniletea kalenda ya bucha?"

"Nawe ulipokuwa mtoto, jikoni kwenu ukutani kulikuwa na nini?"

Nicanor alikohoa kidogo. "Kalenda ya bucha," alikubali, na banda zima likaangua kicheko.

Basi vyote viliingia. Bikira juu, ngumi za Meksiko, rangi za magari, na shujaa katikati, mrefu kuliko nyumba. Ila badala ya binti wa mfalme walikubaliana abebe kijana aliyevaa nguo za jeshi, amekufa. Uso wa yule maiti ungefunikwa na nywele, ili kila mama aliyepoteza mtoto amwone wa kwake.

"Na uso wa shujaa?" aliuliza Nicanor. "Nani atatoa uso?"

Watu walitazamana. Doña Eulalia alijikuta amesimama.

"Wa mwanangu Leobardo," alisema. "Yuko mbali, lakini ni wa hapa."

Mtu akiuliza mwanamke mwenye akili zake alifanyaje jambo hilo, nami ninauliza hivyo hivyo. Mwenyewe aliona ni ujanja. Nani anayeficha mtoto akamtundika barabarani? Si kila mtu angesema, haya, kijana yuko Zacatecas kweli, mama yake amemkumbuka mpaka amemchora? Hilo ndilo alilojiambia. Lakini chini ya ujanja kulikuwa na uchu mtupu. Alitaka kumwona mwanawe kila asubuhi anapokwenda kununua maziwa. Alitoa ile picha chini ya mto akampa Nicanor, na Nicanor akampa Anselmo.

Maana kazi ya Anselmo ilikuwa hiyo: kuichorea picha miraba midogo midogo, kisha kuupiga ukuta miraba mikubwa kwa uzi wa chaki, na kuhamisha uso mraba kwa mraba. Pia alikuwa na kamera. Kila jioni aliupiga ukuta picha, na ye yote aliyesimama karibu akaingia humo humo.

Doña Eulalia alikuwa pale Anselmo alipoishika picha ya Leobardo kwa mara ya kwanza. Kijana aliitazama. Akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama tena, na Doña Eulalia aliona kabisa rangi ya uso wake inabadilika.

"Huyu ni mwanao, mama?"

"Ni mwanangu. Kwani?"

"Yuko wapi?"

"Zacatecas."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokwenda," alisema Doña Eulalia. "Wewe umeletwa kuchora au kuhoji?"

Anselmo alirudi kwenye miraba yake. Doña Eulalia alirudi nyumbani, akapita moja kwa moja kwa Hermelinda.

"Yule ni mtu wa serikali."

"Nani? Yule mgonjwa?"

"Ananiuliza Leobardo yuko wapi, tangu lini. Mstari mmoja hajachora bado, maswali anayo. Na ile kamera! Umeshawahi kumwona kanisani? Umeshawahi kusikia ana mama, ana dada? Anatoka New Mexico, anasema. Nani amehakikisha?"

"Na viatu," alisema Hermelinda, ambaye sasa uvumi ulikuwa umemnogea. "Mchoraji gani ana viatu kama vile?"

Kuanzia hapo Anselmo alikuwa na macho ya mtaa mzima mgongoni. Akiinama, anatazamwa. Akichelewa, inaulizwa alikuwa kwa nani. Siku moja alionekana kwenye kibanda cha simu, na kufikia saa ya chakula ilikuwa imeshajulikana kwamba alikuwa anaongea Kiingereza, tena kwa sauti ya chini. Walimwuliza viatu kaving'arishia nini. Akajibu, "Jeshini tulifundishwa hivyo, mazoea hayaniachi. Nilikuwa kule Vietnam, na tumbo langu lilibaki huko huko." Badala ya kumwonea huruma, watu wakapata la kuongezea: jeshini! Serikali ile ile! Lisemwalo lipo.

Mraba kwa mraba, uso wa Leobardo ulipanda ukutani mpaka ukakamilika. Jumapili moja mtaa mzima ulikwenda misa. Anselmo, kama kawaida yake, hakwenda. Watu waliporudi, Doña Eulalia alipitia ukutani kumsalimu mwanawe, kama alivyozoea, akasimama pale kama aliyepigwa kofi.

Shujaa hakuwa Leobardo. Pua iliyopinda, aliyoivunja utotoni kwa kuanguka bembeani, ilikuwa imenyooka. Kovu lililokata nyusi ya kushoto halikuwapo. Masharubu yamefutwa, kidevu kimejazwa. Alikuwa kijana mzuri tu wa kwenye kalenda, asiye na mama. Na Anselmo yuko chini anaosha brashi, rangi ya uso bado mbichi mikononi.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Mama, tafadhali, njoo pembeni nikwambie."

"Nimekuuliza, umemfanya nini mwanangu?"

"Si hapa, mama. Nakuomba, kando tu kidogo."

Watu walikuwa wameanza kujaa, na nguo zao za kanisani. Doña Eulalia hakwenda kando na mtu. Kwenda kando na mtu wa serikali? Aulizwe maneno huko, ateleze ulimi? Alilia kwa sauti mpaka dobi akatoka. Alasiri Anselmo alimfuata nyumbani, akabisha hodi. "Mama, dakika moja. Ni kwa ajili ya kijana." Doña Eulalia aliposikia *kijana*, aliweka komeo, akaegemea mlango kwa mgongo, akasali kwa Bikira mpaka hatua zikaondoka barazani. Alijua sasa: anajua. Huyu mtu anajua, na amekuja kunitisha.

Kwa kweli alikuwa anajua. Hapo tu ndipo mama hakukosea.

Wakakutana tena bandani kwa Hermelinda, safari hii bila kicheko. Anselmo alisimama katikati, na Nicanor alikuwa ameinamisha kichwa kama baba wa mwizi.

"Umevunja sheria," alisema Nicanor. "Umebuni uso. Nataka unieleze, maana mimi ndiye niliyekuleta."

"Uso ule usingefaa kukaa pale," alisema Anselmo.

"Kwa nini?"

Anselmo aliwatazama watu waliojaa bandani, mmoja mmoja, akamfikia Doña Eulalia. "Nina sababu. Lakini si ya kusema mbele za watu."

"Eeeh!" Hermelinda alipiga makofi. "Sababu ya chini chini! Sisi hapa kwetu mambo yanasemwa barazani, bwana. Ya chini chini yana ofisi zake, na wewe unazijua."

"Mimi si mtu wa polisi, mama."

"Nani ametaja polisi? Mmesikia mtu ametaja polisi hapa? Kajitaja mwenyewe!"

Banda lilivuma. Mtu akadai kamera. Anselmo hakugombana, aliitoa mwenyewe shingoni, akaiweka mezani, na fundi mmoja wa magari akaifungua, akaivuta filamu nje yote ikaona mwanga. Anselmo alimgeukia Doña Eulalia kwa mara ya mwisho. "Mama, fanya lo lote unalotaka na mimi. Ila uso ule uuache nilivyouchora. Ukuta una macho kuliko mimi."

"Mnamsikia?" Doña Eulalia aliruka. "Mnasikia anavyonitisha?"

Wakamfukuza. Hakuna aliyempiga, lakini hakuna aliyemuaga pia, na alipopita barabarani na mfuko wake wa brashi akina mama walifunga madirisha.

Kesho yake Doña Eulalia alikwenda kibanda cha simu cha mbali, si kile cha mtaani, akapiga Pacoima. Alisubiri mpaka Chencho akaitwa kutoka jikoni.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Kuna mtu. Mrefu, mwembamba, viatu vinang'aa. Akija huko, lo lote atakalosema ni uongo. Hata akiapa. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Lakini ni nani?"

"Usiulize ni nani. Usimwamini mtu, Leobardo. Mimi tu."

"Wewe tu, mama."

Hakumwambia habari za ukuta. Alitaka siku moja, mambo yakitulia, amlete mwenyewe aje ajione.

Nicanor, kwa aibu ya kumleta mtu yule, aliurudia uso kwa mkono wake mwenyewe. Alipanda jukwaani na picha, akamchora Leobardo kama anayelipa dhambi: pua yenye kona yake, kovu linakata nyusi, masharubu unywele kwa unywele, mpaka ule mstari wa uchovu chini ya jicho anaoupata mtu wa kuamka kukanda unga. Doña Eulalia alimwelekeza kutoka chini. "Pua zaidi kushoto. Hapo. Hapo, Nicanor, Mungu akubariki." Ulipokwisha alikaa kitako barabarani akautazama, na watu wakapita mbali kumwachia nafasi.

Siku ya kuuzindua palikuwa na sherehe. Padre alinyunyiza maji, akina mama waliofiwa walisimama mbele ya yule maiti asiye na uso, wakalia, na hakuna aliyewanyamazisha. Kisha vikaja tarumbeta na pilau ya Kimeksiko na wale mafundi na magari yao ya zambarau. Likaja na gazeti pia, moja la yale makubwa ya mjini, na mpiga picha wake mnene, mcheshi, anayesifia kila kitu. Tamali alikula nne akaomba nyingine. Doña Eulalia alimpenda papo hapo.

"Rudi nyuma, mwanangu," alimwambia. "Ukipiga karibu hivyo unamkata kichwa. Rudi mpaka kule kwa mwenye matairi. Sasa uso wote umeingia?"

"Wote, mama. Na wewe simama chini yake. Ni nani huyu shujaa?"

"Mwanangu. Leobardo. Yuko Zacatecas."

Mpiga picha akaandika.

Gazeti lilitoka Jumapili, ukurasa mzima, tena wa rangi. Kule Pacoima, Jumapili ndiyo siku ya mikate. Watu wametoka kanisani, foleni mpaka nje, na kila wa pili ana gazeti kwapani. Mwanamke mmoja ndiye aliyeanza: "Don Fidencio! Huyu si Chencho wako?" Wakalipitisha, wakacheka. "Chencho, toka jikoni ujione! Kumbe sisi tunauziwa mikate na mfalme wa Waazteki!" Chencho alitoka, unga mpaka viwiko, akalitazama gazeti. Don Fidencio alisema baadaye kwamba kijana alilisoma jina la mama yake pale chini ya picha, akalisoma tena, akarudi jikoni kuvua aproni. Hakuwahi hata kufungua mlango wa nyuma. Wale waliowahi kununua mikate mitamu na picha ya shule mkononi walikuwa wamekwisha simama pale, na safari hii walikuwa na picha nzuri zaidi.

Habari zilimfikia Doña Eulalia jioni. Mtaa mzima ulimiminika kwake, na wote walikuwa na jina moja mdomoni.

"Yule mwanaharamu," alisema Hermelinda, amemkumbatia. "Wewe ulituambia mapema. Wewe uliona. Sisi ndio tulichelewa kumfukuza."

"Lakini Don Fidencio anasema walishika gazeti," alisema Nicanor taratibu, pale mlangoni.

"Gazeti ni kisingizio!" Doña Eulalia alipiga kelele. "Waliambiwa na yule! Aliniuliza yuko wapi, alikuja hapa mlangoni kwangu, alinitisha mbele yenu! Gazeti gani?"

Nicanor aliangalia mikono yake, kisha akaenda zake.

Walimruhusu kumwona mwanawe gerezani. Alivaa gauni lake la kanisani, akakaa mbele ya kioo kinene, simu moja upande wake na nyingine upande wa pili. Leobardo aliletwa. Mwaka na zaidi, na sasa huyu hapa, amekonda kidogo, pua yake ile ile. Doña Eulalia aliweka kiganja kwenye kioo na maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kwa pamoja.

"Nitamlaani mpaka kaburini. Yule mwembamba, yule nyoka wa viatu. Nilikwambia. Sikukwambia?"

"Alikuja, mama," alisema Leobardo.

"Nani alikuja?"

"Huyo. Alikuja dukani, siku chache baada ya simu yako. Anakaa kule kule Pacoima, kumbe alikuwa mteja wetu siku nyingi, alikuwa akinijua kama Chencho tu. Alingoja wateja waishe, akaniambia, Chencho, jina lako la kweli sitalitaja hapa. Uso wako wameuchora ukutani kule mashariki, mkubwa kama nyumba. Nimejaribu kuubadilisha, wamenifukuza. Ondoka kabla haujatazamwa na wasiotakiwa. Alisema ana kaka yake New Mexico, anafuga kondoo, mahali hakuna mtu anayefika. Gari lake lilikuwa nje, mama. Alikuwa ameshalijaza mafuta."

Doña Eulalia hakuondoa kiganja kwenye kioo. "Ukamjibu nini?"

"Nilimtemea mate." Leobardo alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kana kwamba yangalipo. "Akasimama tu. Nikamwambia, wewe mwongo. Picha yangu anayo mama yangu peke yake, na mama yangu hawezi."

Askari aliyesimama nyuma ya Leobardo alimgusa bega. Muda ulikuwa umekwisha. Kijana alianza kuinuka, kisha akaisogeza simu mdomoni tena. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwua mama yake. Alikuwa na ule uso wake wa utotoni wa kutaka kujua kitu.

"Mama. Kwani kule ukutani nimefanana?"

Doña Eulalia alishika simu kwa mikono miwili.

"Umefanana," alisema.